Dakika Tisa za Mfalme Lutanga

Mambo haya hayakutokea kwetu, kwa hiyo msomaji asianze kugeuka kutazama nani amekaa nyuma yake. Yalitokea katika nchi moja iliyokwisha kubadilishwa jina mara nne. Wakati wa kisa hiki rangi ya jina la tano ilikuwa bado mbichi kwenye vibao vya barabarani, hata wananchi wakaombwa kwa wiki mbili wasiegemee jina la nchi yao.

Katika nchi hiyo kila mtu alikuwa amesoma Ngome ya Chumvi. Waziri alikuwa ameisoma, dereva wa waziri alikuwa ameisoma, na hakimu aliyemfunga mwizi wa matairi ya waziri aliitaja mara tatu katika hukumu. Ilikuwa riwaya kubwa ya historia, kurasa mia nne na kumi na mbili, juu ya Mfalme Lutanga aliyelizuia jeshi la wageni kwa miezi saba ndani ya ngome iliyojengwa kwa mawe ya chumvi. Ilitahiniwa kidato cha nne kila mwaka tangu kidato cha nne kianzishwe.

Jambo dogo tu: riwaya yenyewe haikuwa imechapishwa kwa miaka thelathini na minne. Watu waliisoma kwa njia ya mwongozo. Mwongozo ulikuwa na kurasa sitini na mbili. Tano za mwanzo zilimaliza hadithi, zilizofuata zikapanga dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za lugha, na za mwisho zikatoa maswali pamoja na majibu yake, ili mtoto asihangaike. Ulipomwuliza mtu kama ameisoma Ngome ya Chumvi, alijibu "Nimeisoma" kwa moyo mweupe kabisa, akakutajia na ukurasa.

Bi Sikudhani Lwambo alikuwa na kasoro moja kazini. Alikuwa amekisoma kitabu.

Alikuwa mtunza filamu katika Jumba la Kumbukumbu za Taifa, chumba cha chini kabisa, na kasoro ile alikuwa ameificha kwa miaka thelathini na moja. Alipoajiriwa alikabidhiwa filamu mia mbili. Nyingine ziliharibiwa na joto, nyingine na ukungu, na nyingi zilichukuliwa na mkurugenzi wa tatu, bwana mpenda kilimo, aliyegundua kwamba ukanda wa filamu unafunga miche ya nyanya vizuri kuliko kamba. Huyo huyo ndiye aliyeazima nakala ya riwaya ya Bi Sikudhani, asiirudishe hadi leo. Sasa zilibaki filamu kumi na moja. Mojawapo ilikuwa Ngome ya Chumvi, iliyotengenezwa kutokana na kitabu miaka arobaini na sita iliyopita: mikanda saba katika makasha saba ya bati, nakala pekee duniani. Ilikuwa imeanza kunuka siki, na filamu ikishanuka siki, mtunza hujua kwamba kinachoendelea ni uuguzi.

Ilibaki miezi minne astaafu. Hakuwa akiomba makubwa. Aliomba afike siku hiyo bila kuitwa ghorofani.

Akaitwa ghorofani.

*

Barua ilisema kwamba Mkuu wa Nchi, ambaye ni kitukuu wa Mfalme Lutanga upande wa mama (undugu huo uligunduliwa mwaka wa uchaguzi), amependa filamu ya Ngome ya Chumvi ionyeshwe uwanjani Siku ya Mashujaa. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Uaminifu wa Sanaa, filamu yoyote iliyotokana na kitabu lazima kwanza ipimwe na kamati, ionekane kama ni aminifu kwa kitabu chake. Kamati itaitazama mara tatu. Itakapobainika kwamba pana tofauti, sehemu hiyo itaondolewa kwa mkasi na kuteketezwa mbele ya mashahidi wawili. Mwenye kukata atakuwa mtunza mwenyewe, ili kazi ifanywe kwa mapenzi.

Bi Sikudhani alikunja barua akateremka ngazi. Hakuhitaji kamati imwambie mkasi utapita wapi. Utapita mkanda wa sita, dakika tisa.

Tuseme kweli: haikuwa filamu nzuri. Yeye mwenyewe, aliyeifuta vumbi kwa miaka yote hiyo, angekuwa wa kwanza kukubali. Ndevu za mfalme zilikuwa za katani nazo zilihama. Kwenye mkanda wa kwanza ziko kidevuni, kwenye wa tatu zimepanda shavuni. Jeshi la watu elfu kumi lilichezwa na watu arobaini waliopita mbele ya kamera, wakazunguka nyuma mbio, wakapita tena, na kuna mmoja anayechechemea ambaye hufa mara nne, mara mbili kwa kila upande. Mpiga mkuki mmoja amevaa saa. Ngome ilikuwa magunia yaliyopakwa chokaa, na siku mvua iliponyesha ikageuka uji, lakini mwongoza filamu hakuacha kupiga picha kwa sababu kamera ilikuwa ya kukodi.

Kisha zinakuja zile dakika tisa. Hakuna ngoma wala neno. Mfalme yuko chumbani na mkewe, Nyasolo, na nje adui anagonga lango. Mfalme anavua taji, analiweka kitandani polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Anachukua kaniki za mkewe, anajifunga. Anashindwa kufunga fundo. Nyasolo anamtazama, anamtazama sana, kisha anamsogelea na kumfungia. Mfalme anatoka kwa mlango wa jikoni, amebeba kapu. Nyasolo anabaki. Analichukua taji, hajui aliweke wapi, mwishowe analitia ndani ya chungu cha unga, anajifuta mikono, anakwenda kufungua lango mwenyewe. Basi. Ndivyo ilivyo kitabuni, sura ya kumi na tisa, neno kwa neno, isipokuwa kitabuni ni kurasa mbili tu.

Bi Sikudhani aliiona sehemu hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, gari la sinema lilipofika wilayani na kutundika shuka kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba. Baba yake alikuwa tarishi wa mkuu wa wilaya, mtu aliyesimama wima hata gari la mkuu lilipopita tupu. Mfalme aliposhindwa kufunga fundo, mtu mmoja gizani alicheka. Akafuata wa pili. Kisha uwanja mzima. Baba yake alicheka hadi akavua kofia ya kazi, akajifutia nayo machozi. Kisha, Nyasolo aliposogea akafunga fundo, uwanja ukanyamaza wote kwa pamoja, watu elfu mbili, na hakuna aliyewaamuru. Bi Sikudhani alikuwa hajaona tena watu wa nchi yake wakicheka na kunyamaza kwa hiari yao. Ndiyo maana akaomba kazi ya chumba cha chini.

*

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Barnaba Ulimbo, mwandishi wa mwongozo. Mjumbe wa pili alikuwa Kanali mstaafu Kipanga, aliyewakilisha usalama. Wa tatu alikuwa Mheshimiwa Auleria Mtemvu, aliyewakilisha wanawake, walimu, wazazi na viongozi wa dini, kwa kuwa gari la viongozi wa dini lilikosa mafuta.

Saa tatu asubuhi walikaa kwenye chumba cha maonyesho. Bi Sikudhani alisimama nyuma, karibu na mashine, mkono juu ya swichi. Profesa akainuka.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, kisha akaizingatia kwa dakika arobaini. Aliwatambua waliopo, waliokosekana, na waliokusudia kukosekana. "Ndugu wajumbe, taifa lisilojua lilikotoka halina budi kuunda kamati. Sisi ndio macho ya wasioona, na leo tunakwenda kuona kwa niaba yao. Nami naahidi kwamba tutaona kile kinachostahili kuonwa, kwa kiwango cha kuonwa, bila kuona zaidi."

"Makofi," alisema Kanali.

Wakapiga makofi. Filamu ikaanza. Kabla mkanda wa kwanza haujaisha Profesa alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, anakoroma kwa adabu. Mheshimiwa Auleria alikuwa anajibu simu: "Nipo kwenye uaminifu, shoga, nitakupigia." Kanali ndiye aliyetazama. Alikuwa na daftari, akihesabu makosa ya paredi.

Ukafika mkanda wa sita. Mfalme akavua taji. Akajifunga kaniki. Kanali aliacha kuandika. Akainama mbele, akainama tena, kisha akapaza sauti, "Simamisha! Simamisha hiyo mashine, mama!"

Profesa akaamka. "Tumemaliza? Ni nzuri sana."

"Profesa, mfalme anavaa nguo za kike!"

"Mfalme yupi?"

"Huyo! Babu yake Mkuu wa Nchi! Anatoroka na kapu!"

Mheshimiwa Auleria alikata simu.

"Haiwezekani," alisema Profesa. Akafungua mkoba, akatoa mwongozo, akalowesha kidole. "Ukurasa wa nne. 'Mfalme Lutanga anaanguka langoni, mkuki mkononi, akitaja jina la nchi yake.' Hapa. Nimeandika mwenyewe."

"Jina lipi la nchi?" aliuliza Mheshimiwa Auleria.

"Hilo hurekebishwa kila toleo."

Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatasema neno. Miezi minne tu. Lakini mdomo haujui kustaafu. "Mniwie radhi, waheshimiwa. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu."

Wakageuka wote watatu, kama watu waliosikia kabati likizungumza.

"Kitabu kipi, mama?" aliuliza Profesa.

"Riwaya. Sura ya kumi na tisa."

"Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Sote tumeisoma," alisema Profesa kwa upole, akamwonyesha mwongozo.

*

Kamati haikuwa na ubaya. Iliamua kitabu kitafutwe. Karani alitumwa Maktaba Kuu akarudi na jibu la maandishi: kadi ipo, kitabu hakipo, na mahali pake rafuni pana miongozo kumi na miwili inayoendelea vizuri. Shule zote za mji mkuu ziliulizwa. Mkuu wa shule moja alijibu kwa hasira kwamba shule yake haijawahi kuruhusu wanafunzi kusoma vitabu vya ziada.

Ndipo Bi Sikudhani, ambaye sasa alikwisha kujichafua, akasema mwandishi bado yu hai.

"Yu hai?" Profesa alishtuka. "Lakini yumo kwenye mtihani!"

Mzee Nassibu Chaurembo aliletwa kwa gari la wizara. Alikuwa na miaka themanini na minane, amevaa koti zito na kandambili. Wajumbe walisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Tumekuita juu ya kitabu chako."

"Ndiyo maana nimeuliza," alisema mzee, akakaa.

Profesa alimweleza mambo yote kwa urefu, kisha akamwuliza, "Sasa, mzee, katika sura ya kumi na tisa, Mfalme Lutanga anakufaje?"

"Hafi. Anavaa kaniki za mkewe anakimbia."

Bi Sikudhani, aliyekaa kwenye kiti cha ukutani, alifumba macho. Alidhani mambo yamekwisha. Alikuwa amesahau yuko nchi gani.

"Mwongozo unasema alianguka langoni," alisema Profesa.

"Umeandikwa na nani?"

"Mimi, mzee."

"Aaa. Ndiwe? Umeandika vizuri, mwanangu. Mjukuu wangu alifaulia huo. Mimi nilihangaika kurasa mia nne, wewe ukamaliza kwa sitini." Mzee alitikisa kichwa kwa heshima ya kweli. "Hata mimi nikitaka kukumbuka, huwa nafungua huo. Maandishi yake makubwa."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ulikosea?"

"Yawezekana. Nilikuwa kijana."

Kanali alisogeza kiti. "Mzee, una uthibitisho gani kwamba wewe ndiye mwandishi?"

"Jina langu liko kwenye jalada."

"Jalada halipo. Na majina hufanana. Taja dhamira tano za riwaya."

Mzee alifikiri. Alitaja uzalendo. Alifikiri tena, akataja ndoa. Akaomba maji.

"Mbili kati ya tano," alisema Mheshimiwa Auleria kwa huruma. "Na ndoa haimo."

Katika kumbukumbu za kikao aliandikwa kuwa ni mtu anayedaiwa kuwa mwandishi, akapewa soda na kurudishwa nyumbani. Alipopita mbele ya Bi Sikudhani alisimama, akamtazama kwa macho yenye ukungu. "Binti, wewe ndiye uliyesema umekisoma?"

"Ndiye mimi, baba."

"Pole," alisema mzee, akashika ukuta akaenda zake.

Jioni hiyo uamuzi uliandikwa. Dakika tisa zitolewe. Bi Sikudhani aliletewa mkasi mpya kwa saini, ukiwa ndani ya boksi lenye nembo ya taifa. Kilibaki kitu kimoja tu kabla ya kuutumia: sheria ilidai filamu itazamwe mara mbili zaidi.

*

Siku tatu alikaa na mkasi ule mezani. Alifikiria kuiba mkanda wa sita, lakini ulikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili na harufu inayomfika askari kabla yako. Alifikiria kuandika magazetini, akakumbuka magazeti. Alifikiria kukata tu, astaafu, akapande mchicha. Wazo hili la tatu ndilo lililomtisha, kwa sababu halikumwuma sana. Hivyo ndivyo uchovu unavyofanya kazi. Haukulazimishi lolote, unakaa tu kando yako, unakupunguzia bei ya kila kitu.

Kilichomwokoa kilikuwa sura ya Profesa Ulimbo asubuhi ya onyesho la pili. Profesa aliingia akiitazama ile mashine kama mtu anayetazama sindano. Saa tatu na dakika kumi za filamu, leo, na tena Ijumaa. Kanali naye alikuja na mto. Mheshimiwa Auleria alikuwa ametuma udhuru wa msiba wa watu asiowafahamu.

Bi Sikudhani aliinua mkono. "Mwenyekiti, naomba utaratibu."

"Sema, mama."

"Kamati inapima filamu kwa kitabu. Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na kitabu kimepimwa kwa mwongozo wake, kama inavyopasa."

"Kabisa."

"Lakini filamu, Mwenyekiti, tumeipima kwa kuitazama. Tumeitazama hivi hivi tu, yenyewe. Haina mwongozo." Alitua kidogo. "Nauliza tu. Je, ni haki kumpima asiye na mwongozo kwa mwenye mwongozo?"

Profesa alivua miwani. Katika maisha yake yote ya kitaaluma alikuwa hajawahi kukamatwa katika kosa kubwa namna hiyo.

"Tulikuwa tunatazama kienyeji," alisema taratibu.

"Kumbe!" alisema Kanali. "Na mwongozo wa filamu ukiwepo, hayo maonyesho mengine..."

"Hayatakuwa na haja, Afande," alijibu Bi Sikudhani. "Wajumbe watasoma mwongozo. Ni kama kuitazama, lakini mtu anaweza kufanyia nyumbani."

"Mama huyu ana akili," alisema Kanali, akauweka mto kwapani. "Alikuwa wapi siku zote?"

"Chini," alisema Bi Sikudhani.

Alipewa siku tisa auandike mwenyewe, chini ya usimamizi wa Profesa, ambaye alisimamia kwa kutofika.

Aliandika vizuri. Alikuwa na Kiswahili safi, naye aliionea fahari lugha hiyo hata pale alipokuwa hana fahari nyingine. Alieleza ngome, kuzingirwa, njaa, mapigano. Ndevu hakuzitaja. Siku ya saba akafika mkanda wa sita, akakaa na kalamu kutoka asubuhi hadi chai ya saa kumi. Kisha akaandika: "Mfalme Lutanga anaondoka ngomeni kwa busara, akiwa amevaa vazi la heshima la familia yake, na Malkia Nyasolo anawapokea wageni langoni."

Aliisoma sentensi ile mara mbili. Kila neno lilikuwa kweli, nayo yote ilikuwa uongo. Alijiona amechoka kuliko siku yoyote aliyowahi kubeba makasha.

*

Hukumu ilitoka bila mjadala. Filamu ilionekana kuwa aminifu kwa asilimia mia na nne. Zile nne za ziada zilitokana na lugha fasaha ya mwongozo. Mkasi ulirudishwa stoo. Dakika tisa zilipona, zote, hadi fundo la kaniki.

Siku ya Mashujaa ilipofika, filamu haikuonyeshwa. Mkuu wa Nchi, kwa furaha, alikuwa ameitangaza kuwa Tunu ya Taifa, na tunu haiguswi. Chumba cha chini kilifungwa kwa lakiri, na kufunguliwa kwake kukahitaji saini za mawaziri watatu ambao hawakuwa wakisalimiana. Badala yake mwongozo wa Bi Sikudhani ulisomwa uwanjani kwa vipaza sauti. Penye maandishi yaliyosema makofi, msomaji alisema "makofi", na watu sitini elfu wakapiga. Bi Sikudhani alipewa kiti cha mstari wa nane, kwenye jua. Ilipofika sentensi ya mkanda wa sita hakuna aliyecheka, hakuna aliyenyamaza. Mama mmoja kando yake aliinama akamwambia, "Maneno matamu hayo, dada. Ameandika nani?"

"Kamati," alijibu.

Alikuwa ameiokoa filamu kutoka kwa mkasi na kuitia kaburini, nzima.

Wiki ya mwisho ya kazi yake, akiwa koridoni nje ya chumba chenye lakiri kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukaa, alisikia viatu vikishuka ngazi. Alikuwa Profesa Ulimbo, peke yake, bila dereva, bila mkoba, na daftari dogo mkononi. Aligeuza kasha tupu la bati akalikalia.

"Bi Sikudhani, wizara inasema mwongozo wako ni mrefu. Kurasa arobaini. Watoto wanalalamika." Aliguna. "Nimeambiwa nitoe kijitabu cha mfukoni, cha riwaya na filamu kwa pamoja. Kila sura sentensi moja. Kiende mtamboni Ijumaa."

"Hongera, Profesa."

"Nimefika sura ya kumi na tisa." Alifungua kalamu. "Kwa sentensi moja, mama. Fupi. Kinatokea nini?"

Bi Sikudhani alimtazama. Katika miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyekuwa ameshuka ngazi zile kumwuliza kinatokea nini. Alitafuta sentensi nyingine ya heshima na busara, akaona zimemwishia.

"Andika," alisema. "Mfalme alikimbia."

Kalamu ilisimama. Profesa hakuinua kichwa.

"Ndivyo ilivyo kitabuni?"

"Ndivyo."

"Na kwenye filamu?"

"Na kwenye filamu. Ungeona, lakini ulikuwa unakoroma."

"Nilikuwa nakoroma," alikubali Profesa. Bila suti ya kamati alikuwa mzee tu mwenye magoti mabovu. "Nikwambie kitu, mama? Mimi kitabu sikukisoma. Nilinakili mwongozo uliotangulia. Marehemu aliyeuandika naye, nadhani, alikuwa na haraka." Alizungusha kalamu vidoleni. "Mara kumi na saba nimekwenda na ujumbe wa serikali kuweka shada kwenye kaburi la Mfalme Lutanga. Mara kumi na saba. Kila mara tunavuka mpaka, tunapanga foleni, tunagongewa mihuri kwenye pasi. Sijawahi kujiuliza kaburi lake linafanya nini nchi ya watu."

"Hakuna aliyejiuliza, Profesa."

"Hakuna," alisema Profesa Ulimbo. Akainama, akaandika maneno mawili kwa mwandiko safi wa mwalimu, akayatazama. Kisha akamgeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza kwa dhati kabisa. "Hii niiweke kwenye dhamira au maudhui?"

"Dhamira," alisema Bi Sikudhani.

Waziri alikisoma kijitabu jaladani, akaipenda picha ya taji, akasaini. Kilichapishwa nakala laki tano, kikafika hadi shule zisizo na madawati. Novemba mtihani wa kidato cha nne ulikuwa na swali hili: Mfalme Lutanga alifanya nini? Watahiniwa laki tatu na elfu kumi na sita waliandika kwamba alikimbia. Wasahihishaji walitazama mwongozo mpya, wakaona ndivyo, wakampa kila mmoja alama mbili.

Bi Sikudhani alizisikia habari hizo redioni, akiwa anachambua mchele. Mtangazaji alisema ufaulu umepanda. Waliokosa ni wachache tu, wale waliosomea miongozo ya zamani ya kaka zao na kuandika kwamba mfalme alianguka langoni, mkuki mkononi. Hao waliagizwa kurudia mtihani mwakani.